Hodi kwenye Chumba cha Ndani

Mwalimu alipiga hodi kwenye chumba ambacho ufunguo wake alikuwa ameushika mwenyewe, na humo ndani mtu akamwitikia.

"Karibuni," ilisema sauti ya bibi kizee, taratibu, kama ya mtu aliyekuwa akiwangoja tangu asubuhi.

Akasukuma mlango. Giza tupu. Akapapasa ukuta mpaka akapata swichi. Vitanda vinne, viwili chini na viwili juu, kabati, kioo, na bafu ambalo mtu mnene angeingia kwa ubavu. Hapakuwa na mtu.

"Jirani huyo," mumewe akasema, akiburuta masanduku. Alikuwa fundi wa majokofu, na kwake hakuna jambo lisilo na waya wake. "Kuta za meli ni bati. Akipiga chafya wa kule, kamasi unafuta wewe."

"Na nani anapiga hodi chumbani kwake?" wifi yake akadakia, midomo ameibinua. "Makubwa haya! Huo ualimu si ungeuacha nyumbani?"

Hodi kwa Mwalimu haikuwa ya kufikiri. Miaka kumi na minne alikuwa akiwafundisha watoto wa watu kupiga hodi, kuomba, kushukuru na kuaga, na adabu ikishakaa mdomoni haiulizi kama inahitajika.

Chumba chenyewe alikichagua yeye, kwa hiyo na lawama zilikuwa zake. Wiki mbili nyuma, ofisini kwa wakala wa safari, karani aliwatandazia picha tatu mezani. Safari ilikuwa fupi, wapande leo washuke keshokutwa asubuhi, na vyumba vilikuwa vya aina tatu: chenye roshani, chenye dirisha, na cha ndani, kisicho na hiki wala kile. Karani hajamaliza kueleza, wifi ameshaweka kidole kwenye roshani. Fundi akasema dirisha linatosha. Mwalimu akageuka kumtafuta binti yake wa miaka sita, akamkuta juu ya kabati la mafaili, amekaa, anapunga mkono. Hakuna aliyemwona akipanda. Hawakumwita Mjusi bure.

"Cha ndani," Mwalimu akasema.

"Wifi! Twende baharini tukalale kabatini?"

"Roshani ina vyuma. Kwa huyu vyuma ni ngazi."

"Na dirisha?"

"Dirisha halifunguki, mama," karani akasema.

"Hujamjua mwanangu. Akitumbukia, nani ataogelea kumfuata? Wewe?"

Karani akakuna kichwa. "Cha ndani kimebaki kimoja. Ila wengi wanaokipata huja kuomba kibadilishwe."

"Kina kasoro?"

"Hapana. Ni giza tu."

"Giza halijawahi kumla mtu," Mwalimu akasema, akatia sahihi. Watu wengine bwana, mkosi wao wanaubeba mdomoni.

Siku ya kwanza, baada ya chakula cha mchana, wakarudi chumbani kujinyoosha. Fundi akazima taa. Halikuwa giza la nyumbani, lile ambalo jicho hulizoea ukaanza kuona mguu wa meza. Hili lilisogea mpaka usoni likatulia hapo. Saa nane mchana, jua linachoma huko juu, na wao wamelala kama watu waliofukiwa.

Mwalimu hakupata usingizi. Akafanya alichozoea darasani, akahesabu watu wake. Fundi huyo, anakoroma. Wifi huyo, pua inapiga mluzi. Mjusi kitanda cha juu, pumzi fupi fupi. Watatu. Kisha akasikia ya nne, ndefu, nzito, ikivutwa polepole kutoka mahali palipokuwa kati ya kitanda cha Mjusi na dari, ambapo hata sahani isingekaa wima. Na harufu ikashuka, ya udongo mbichi, udongo wa kisima kinachochimbwa, huku wao wako katikati ya bahari.

Akaruka, akawasha taa.

Mjusi alikuwa macho, anaitazama dari. "Mama, bibi anauliza kama najua kufagia."

"Bibi gani?"

"Mwenye chumba."

"Unaona sasa?" wifi akanung'unika kutoka kitandani. "Umemjaza mtoto mahodi yako, sasa anaweweseka mchana."

Usiku ulipofika Mwalimu alitaka taa iachwe. Wifi akagoma, hawezi kulala na taa usoni kama kifaranga. Fundi, ambaye kati ya mke na dada alikuwa akichagua usingizi, akazima. Mwalimu akamchukua Mjusi wakalala pamoja, akamkumbatia mpaka asubuhi, na usiku kucha kitanda cha juu, kitupu, kilikuwa kikilia kama kimelaliwa.

Asubuhi ya siku ya pili wenzake walitangulia kwenye bwawa la kuogelea. Mwalimu alikuwa anakunja nguo mlango ulipofunguliwa bila hodi. Aliingia mhudumu wa vyumba, mama mtu mzima, akatupa shuka safi kitandani, akashika za zamani.

"Mama, samahani," Mwalimu akasema, kwa sauti ile ya darasani. "Kwenu hampigi hodi?"

Yule mama akasimama. Akamtazama Mwalimu, akaitazama dari, akamshika mkono akamvuta mpaka nje kwenye ujia.

"Usiniambie mlipiga hodi humu," akanong'ona.

"Nilipiga."

"Akaitikia?"

"Akasema karibuni."

"Ole wako. Mwanangu, wanaoingia kimya huota ndoto mbaya, wakaomba kuhama, yakaisha. Wewe umemwomba na yeye amekukaribisha. Wewe si abiria tena, ni mgeni wake. Na mgeni siku mbili..."

"Siku ya tatu mpe jembe," Mwalimu akamalizia, mdomo ukiwa umetangulia.

"Basi ndiyo hivyo. Siku ya tatu anachagua mmoja wa kumfanyia kazi. Kuna mzee alichaguliwa hapa. Alishuka kwa miguu yake, mkewe kamshika mkono, lakini aliyeshuka hakuwa yeye."

"Siku ya tatu ni kesho, na kesho asubuhi tunashuka."

"Kesho ya nani? Humo jua halijui mlango. Yeye anahesabu kwa taa. Mmeizima mara ngapi?"

Mara moja mchana. Mara moja usiku. Mwalimu akainua vidole viwili.

"Basi kwake leo ndiyo ya tatu," mhudumu akasema. "Mtoe kila mtu wako. Mgeni haondoki kimyakimya, huaga. Aga, omba ruhusa, na ukishaipata funga mdomo. Usiongeze hata neno."

Mwalimu alikimbia mpaka bwawani. Wifi alikuwa amejilaza kwenye kiti cha jua, miwani usoni. Fundi alikuwa majini. Mjusi hayupo.

"Mtoto yuko wapi?"

"Kaomba ufunguo akachukue kofia. Mmepishana njiani."

"Ukampa?"

"Si ulikichagua chumba kwa usalama wake?" wifi akasema. "Muache akawe salama."

Kulikuwa na kofi mkononi mwa Mwalimu, na lingetua, ila hakuwa na muda wa kulitua.

Ujiani alimkuta mhudumu amejibanza ukutani, shuka kifuani, anatikisa kichwa. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Kutoka ndani ilisikika sauti ya ufagio, fyaa, fyaa, na sauti ndogo ya mwanawe ikisema, "Ndiyo, bibi. Na hapa pia, bibi?"

Akausukuma mlango, na mwanga wa ujia ukaishia kizingitini kana kwamba umekatwa kwa kisu, na swichi ikabofya na kubofya bila kuwaka, na ile harufu ya kisima ikamjaa puani mpaka akahisi anakanyaga udongo badala ya zulia, udongo baridi unaopanda kati ya vidole, na mbele yake, mbali kuliko urefu wa chumba kile, mbali kuliko urefu wa meli yenyewe, ufagio wa mtoto wake ulikuwa ukizidi kwenda.

"Mwenyeji wetu," akasema. "Umetukaribisha, tumekaa. Sasa tunaaga. Tunaomba ruhusa."

Ufagio ukanyamaza.

"Nendeni," ikasema sauti, si ya taratibu tena. "Huyu ana kazi."

"Huyu hakukichagua chumba. Nimekichagua mimi. Hodi nimepiga mimi. Jembe nipe mimi."

Kisha mpini wa ufagio ukasukumwa tumboni mwake, na juu ya vidole vyake vikakaa vidole vingine, vya baridi, vyenye kucha. Mwalimu akafagia. Alifagia huku analia, alifagia sakafu isiyoisha, mgongo ukiwaka moto, na kila alipopunguza mwendo zile kucha zilimkaza, naye akawa analiita jina la mwanawe na kusikia "Mama" kutoka kulia, kisha kutoka kushoto, kisha, baada ya muda ambao hakuweza kuupima, kutoka karibu na goti lake.

"Umefagia vizuri," sauti ikasema. "Nimewaruhusu. Nendeni salama."

Mwalimu akamnyakua Mjusi, akarudi kinyumenyume mpaka ujiani, kwenye mwanga. Viganja vya mtoto vilikuwa vyekundu kwa udongo, lakini macho yalikuwa yake, na kilio kilikuwa chake. Alhamdulillahi! Furaha ilimpanda Mwalimu mpaka kooni, ikamfungua mdomo, nao ukasema lile neno ambalo ulikuwa ukilisema maisha yake yote kwenye vizingiti vya watu:

"Asante sana. Na wewe karibu kwetu."

Mhudumu aliziachia shuka, akakaa chini.

Kutoka gizani kilisikika kicheko kidogo, cha mtu ambaye hajaalikwa popote kwa miaka mingi. "Nitakuja," ikasema sauti, na mlango ukajifunga.

Walilala kwenye viti vya ukumbi wa chakula, asubuhi wakashuka.

Nyumbani Mwalimu aliweka sheria. Mtu akipiga hodi, asijibu yeyote mpaka yeye achungulie dirishani kwanza. Majirani wakasema Mwalimu ameanza maringo. Fundi alitii, maana aliviona vile viganja. Wifi, aliyekuwa akiishi nao, alicheka mpaka akashika ubavu. "Umetulaza shimoni, sasa unatafuta jini wa kumsingizia." Mwalimu alijua jambo moja, nalo alilishikilia kama kamba: hodi ni tatu, na mgeni asipoitikiwa mara tatu huondoka.

Siku ya kumi, saa sita mchana, madirisha yote wazi, nyumba nzima ina mwanga, Mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari mezani na Mjusi anachora pembeni yake.

"Hodi," ikasema sauti mlangoni, taratibu.

Akamziba mtoto mdomo kwa kiganja. Dirishani, kwenye kizingiti kilichojaa jua, hapakuwa na mtu.

"Hodi."

Fundi alitokea chumbani, Mwalimu akamwekea kidole midomoni, na mume akaganda pale pale. Mwalimu akahesabu moyoni. Imebaki moja. Moja tu, Mungu wangu, moja tu.

"Hodi humu."

Hakuna aliyepumua. Saa ya ukutani ikapiga hatua moja, ikapiga ya pili, na Mwalimu akaanza kulegeza kiganja.

"Jamani, nyumba haina watu?" wifi akapaza sauti kutoka jikoni, mikono kwenye maji ya vyombo. "Karibu! Pita ndani, mlango uko wazi!"

Pazia la mlango likainuka, likashuka. Harufu ya udongo mbichi ikapita katikati ya sebule, ikaenda mpaka kwenye kiti kikubwa cha Fundi, na mto wa kiti ukabonyea.

Mjusi akautoa mkono wa mama yake mdomoni, polepole, kwa adabu. Akateremka kwenye kiti, akaenda nyuma ya mlango, akachukua ufagio.

"Ndiyo, bibi," akasema. "Nianzie wapi?"