Madoa ya Mkorosho wa Kahaso

"Huo mti una ukoma," alisema Mwaringa. "Na sasa umeuambukiza wangu."

"Ukoma wa mti?" Kahaso hakuacha kupepeta mahindi yake. "Udaktari umesomea wapi, shemeji? Mangweni, mnakokunywa tembo?"

"Nina macho. Tazama hayo madoa. Meupe, ya kijivu, ya manjano. Mwaka jana mkorosho wangu haukuzaa hata korosho za kujaza kikombe."

"Wangu ulizaa, na madoa yake."

"Ndivyo walivyo waambukizaji. Wenyewe hawafi. Wanaua jirani."

Mwaringa na Kahaso wanakaa Marafa, ua kwa ua. Mwaringa ni binamu wa Randu, mume wa Kahaso, anayefanya kazi hotelini Bofa. Miaka yote Mwaringa alikuwa akivuka ua kila asubuhi kunywa chai kwa shemeji yake. Sasa wiki ya tatu hajavuka.

Mkorosho wa Kahaso uko mpakani. Ulipandwa na babu ya Randu na Mwaringa, kwa hiyo Mwaringa ana sauti. Alimpigia Randu simu. Randu akajibu, "Kama ni ugonjwa kweli, ukatwe. Kama si ugonjwa, usiguswe."

Kahaso aliposikia hayo hakulala vizuri. Chini ya mti huo ndipo wanawake wa jirani hukaa mchana. Wanasuka makuti, wanabangua korosho, wanachambua habari za ndoa za watu. Mti ukienda, wataenda kukaa kwa nani?

Mwaka huo nchi ilikuwa kavu. Udongo mwekundu ulipasuka. Ikifika saa sita, njia ilicheza kwa joto, na mtu aliyekuja kwa mbali alionekana kama anaelea.

Ndivyo alivyoonekana Ruqaiya siku ile, anaelea. Alikuwa msichana wa Barani, Malindi, mwenye buibui na viatu vya raba. Siku mbili alikuwa akikwangua mawe kule korongoni, na kijiji kilishasema yake. Wengine walisema anatafuta dhahabu. Wengine walisema ameachwa na mume, ndiyo maana anazungumza na mawe.

"Hodi hapa," alisema. "Shikamoo mama. Shikamoo baba. Naomba ruhusa niutazame huu mti."

"Marahaba," alisema Mwaringa kutoka upande wake wa ua. "Utazame haraka. Una ukoma."

Ruqaiya alicheka kidogo. Alikuwa na kioo cha kukuzia, kimening'inia shingoni. Alikiweka juu ya doa moja, akamwita Kahaso.

Kahaso aliweka jicho. Marafa ikapotea. Mbele yake palikuwa na nchi nyingine. Palikuwa na vilima vya kijivu na mabonde. Palikuwa na vikombe vidogo vya rangi ya chungwa, vimepangwa kama karamu ambayo wageni wake hawajafika. Hapakuwa na vumbi huko, wala kelele za mtu. Alihisi kwamba angetia mguu mmoja tu, wangemkaribisha.

"Ni nini hiki?" aliuliza taratibu.

"Kinaitwa likeni, mama. Ni viumbe wawili wanaokaa nyumba moja. Mmoja ni kuvu. Wa pili ni kama mwani mdogo sana. Kuvu hujenga nyumba, mwani hupika kwa jua. Hunywa umande tu. Kwenye mti ni wapangaji tu, hawaufyonzi."

"Maneno," alisema Mwaringa. "Doa la mti wangu limefanana na la mti wake. Lilitoka hapa."

"Kufanana kwa macho hakutoshi, baba. Kila chenye uhai kina vinasaba. Ni kama maandishi ndani ya mwili. Yana herufi nne tu, zinazorudiwa mara nyingi sana."

"Nne?" alisema Kahaso. "Sisi watu wazima kwenye gumbaru tunafundishwa zaidi ya ishirini, na bado tunahangaika."

"Mashine ya maabara huyasoma," alisema Ruqaiya. "Tunataka kujua nchi kavu hii ina aina ngapi za likeni. Nyingine hushika udongo usipeperuke. Nyingine huota polepole, upana wa ukucha mmoja kwa miaka. Tukichoma na kuchimba bila kujua, tutapoteza vitu ambavyo hata majina hatujavipa. Nitachukua kidogo kwenye miti yote miwili. Majibu yatasema kama aina ni moja."

Alikata vipande vidogo kama kucha. Akavitia katika bahasha mbili za karatasi, akaandika mti, mahali na tarehe. Akamwachia Kahaso amtunzie siku tatu, amalize kukwangua likeni za mawe kule korongoni.

Usiku ule Kahaso alizifungua bahasha. Vile vipande vilikuwa vikavu, vinakwaruza. Roho ikamuuma. Mgeni amelala nyumbani kwake bila hata maji? Alivinyunyizia maji, akavifunga vizuri katika mfuko wa plastiki.

Ruqaiya aliporudi, alifungua mfuko. Harufu ya uvundo ilitoka. Vipande vilikuwa vimeota manyoya meupe.

"Niliwapa maji," alisema Kahaso. "Walikuwa na kiu."

"Hawakuwa na kiu, mama. Walikuwa wamelala. Likeni hukauka, ikalala, na vinasaba vyake vikabaki salama. Ukiilowesha na kuifungia, ukungu huota. Ukungu nao una vinasaba vyake. Mashine itausoma ukungu badala ya likeni."

"Ameharibu makusudi," alisema Mwaringa. "Ameogopa majibu."

Kahaso aliogopa majibu, ni kweli. Lakini hakuharibu makusudi.

"Tukate upya," alisema. "Safari hii bahasha ya mti wangu akae nayo shemeji. Ya kwake nikae nayo mimi."

Basi ikawa hivyo. Mwaringa alitundika bahasha ya Kahaso ukutani, mahali pakavu, na kila asubuhi aliigusa kuona kama ina unyevu. Kahaso naye alitunza ya Mwaringa. Siku ya tatu Ruqaiya alizichukua zikiwa kavu kabisa.

Wiki zikapita polepole, kama nazo zimelala. Mchana Kahaso alisinzia chini ya mti akajiona anatembea katika vilima vya kijivu, na vikombe vya chungwa vinamsubiri.

Wiki ya saba Ruqaiya alirudi na karatasi.

"Kwa macho madoa yamefanana," alisema. "Kwa vinasaba ni aina mbili mbalimbali. La baba Mwaringa halikutoka kwa mama Kahaso. Na yote mawili si ugonjwa."

Mwaringa alikaa chini. "Basi mbona mti wangu hauzai?"

"Mimi ni mtu wa likeni tu. Lakini una matawi makavu mengi. Majani yakipungua, jua huingia, nazo likeni hupata nafasi. Zilikuja baada ya shida. Hazikuileta. Muulize bwana shamba."

"Na hilo langu linaitwaje?"

"Bado hatujui. Tumelilinganisha na mengine yote yaliyokwisha kusomwa, hatujaona mwenzake. Tunaendelea kuchunguza."

Mwaringa alilitazama doa lake kwa muda mrefu. Kuanzia siku ile mtoto akiegemea mkorosho wake, anafukuzwa.

Bwana shamba alikuja. Alionyesha unga mweupe juu ya maua. "Huu ndio ugonjwa," alisema. "Ubwiri unga." Mwaringa alipunguza matawi makavu. Maua mapya yalipoanza kutoka, alipuliza dawa ya salfa mapema asubuhi, kama alivyofundishwa. Magome na madoa hakuyagusa.

Msimu ule mkorosho wake ulizaa, debe moja na nusu. Everlyne, mke wake, aliwatangazia wote waliokuja kusuka makuti. Yeye naye alikuwa amesusa wakati wa ugomvi, sasa alikuwa amerudi mahali pake chini ya mti wa Kahaso.

Mwaringa alikuja nyuma yake, akasimama kwenye ua.

"Nilisema ni ukoma," alisema.

"Ulisema," alijibu Kahaso, akiipua chungu. "Leo ni sima na mboga ya mtsunga wa nazi. Ingia shemeji, unawe mikono, tule."