Binti Aliyetulia Ndani

Gaudensia wa Nyakato, pale Musoma, alikausha dagaa na kuwauza. Lakini sifa zote alimpa binti yake, Ghati.

"Wangu hazururagi," aliwaambia wanawake wa jumuiya yao ya kanisani. "Akitoka shule, yuko chumbani. Ametulia tuli!"

Kutulia gani! Alikuwa na simu. Anakula, simu. Yuko kitandani, simu mpaka usiku wa manane. Netiboli aliyoipenda aliiacha. Asubuhi alikuwa amenuna, na kicheko chake kikapotea. Kile kicheko mama alikitamani sana.

Jumamosi moja jumuiya ilisali kwao.

"Ghati! Leta benchi!"

Ghati akatoka, macho yamesinzia. Akalibeba hatua chache, akalitua, akalikalia mwenyewe, anahema.

"Wewe! Hilo ni la wageni!" mama akafoka.

Wanawake wakacheka. Ghati akaangua kilio.

"Yesu wangu, wamemroga!" Gaudensia akashika kichwa. "Ni husuda! Nilimsifia mno! Leteni rozari!"

"Subiri kwanza, Mama Ghati," alisema Matrida. Huyu ni jirani yao, mhudumu wa afya ya jamii. Akaketi kando ya binti. "Mwanangu, unaumwa nini?"

"Silali, shangazi. Moyo mzito. Kwenye simu wenzangu wote wazuri, wana raha. Mimi tu ndio bure."

"Jamani, mimi nilijua umetulia!" mama akasema.

"Sijatulia, mama. Nimekwama."

Baba yake, Paschal, akaruka. "Lete hiyo simu, naitupa ziwani!"

"Na yako tuitupe?" Matrida akauliza. "Maana tangu nifike unaangalia mpira kwenye simu."

Vigelegele! Paschal akaificha mfukoni.

"Simu siyo mchawi," Matrida akaeleza. "Ila ikila usingizi na michezo, kijana anaumia. Mwili wake unataka kukimbia, kucheza, hata kutembea haraka, kama saa moja kila siku. Usiku simu zilale sebuleni, zote. Muongee naye bila kumkaripia. Na huzuni ikizidi wiki mbili, mleteni kituo cha afya. Akisema hataki kuishi, mleteni siku hiyo hiyo."

Jioni ile simu zikalala juu ya kabati la sebuleni. Aliyeteseka zaidi ni baba.

"Kama imeita vile?"

"Haijaita," mama akajibu. "Kula ugali."

Ghati akarudi netiboli. Siku za kwanza alichoka mpaka akakaa chini. Mama alimsindikiza kwa miguu, wakipiga soga njiani. Usingizi ukaanza kurudi. Kicheko bado.

Jioni moja mpira ukamfikia mama pembeni mwa uwanja. Akajifunga kanga, akaurusha kwa nguvu zote, akaanguka chali. Puu!

Ghati akacheka. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, umeumia? Inuka!"

Gaudensia hakuwa ameumia popote. Lakini alibaki pale pale chini, ili mtoto aendelee kucheka.