Monopodi Iliyovuta Kushoto

Wapigapicha wenzangu hapa Kasongo huniuliza: Pitchou, tununue monopodi au tripodi? Huwajibu, kaeni kwanza, niwasimulie, halafu mchague wenyewe.

Monopodi ni fimbo ya chuma yenye mguu mmoja, kamera inafungwa juu. Ni nyepesi. Unaifunga kwenye pikipiki, unavuka matope hadi Kabambare bila kuhangaika, na msibani hakuna anayejikwaa kwenye miguu mitatu ya tripodi. Ubaya wake ni kwamba haisimami peke yake. Lazima uishike, na chochote itakachofanya, watu watautazama mkono wako.

Jioni moja Bruno wa kule Wamaza aliniita nipige picha ya mwisho ya familia pamoja na mdogo wake Emile, aliyekufa ghafla. Tripodi niliiacha nyumbani. Jeneza lilikuwa wazi uani, ukoo umejipanga nyuma yake. Mbele alisimama Mama Célestine, shangazi wa marehemu, mjane mwembamba asiye na mtoto. Nyuma ya bega lake, Bruno. Mwanga ulikuwa unaisha, nikaikaza fimbo ardhini.

Nikabonyeza.

Fimbo ikavuta kushoto.

Nikajiambia ni mteremko. Nikainyoosha. Harufu ya marashi na ya maiti ilikuwa inanikaba. Nikabonyeza tena... kushoto tena. Mara ya tatu ilinivuta hatua mbili nzima, kidole kikiwa bado kwenye kitufe. Ikasimama karibu kabisa na bega la Mama Célestine.

Vilio vikakatika.

Ukoo ule uliamini kwamba maiti ya aliyerogwa huwasukuma wabeba jeneza mpaka kwa mchawi wake. Sasa hakukuwa na haja ya kubeba jeneza.

"Emile anamuonyesha," Bruno akanong'ona.

Mama Célestine hakuwatazama wao. Alinitazama mimi.

"Mutoto yangu... waambie ni mukono yako. Waambie tu."

Neno moja lingemwokoa. Nani angebishana na mwenye kamera? Lakini niliona mapanga mikononi mwa vijana wao, nikaona macho mengine yameanza kunigeukia mimi.

"Sijue, mama," nikasema.

Bruno akaninyang'anya fimbo, akaing'oa kamera na kunitupia kifuani. Pigo la kwanza lilimvunja Mama Célestine taya. La pili nililisikia tu, kama ukuni mkavu ukivunjwa gotini. Kisha wakaingia wengine kwa mateke, mawe na michi. Aliendelea kuniita mutoto yangu mpaka mdomo ukajaa damu. Chuma kilipopinda, wakakinyoosha kwa mguu na kuendelea. Mimi nilipanda pikipiki nikakimbia. Nilikuwa mwoga, sina jina jingine la kujipa.

Nyumbani nilifungua zile picha tatu.

Mama Célestine hakuwa katikati ya picha hata moja. Alikuwa ukungu wa kitenge pembeni. Katikati, wazi mpaka jasho la puani, alikuwa Bruno. Anaitazama maiti.

Anatabasamu.

Usiku uleule nilizifuta zote. Wiki iliyofuata Bruno alipiga hodi kwangu, mpole kabisa.

"Ndugu yangu, picha iko?"

"Zilitoka nyeusi zote, kaka."

"Iko muzuri," akasema, akanipapasa bega na kwenda zake. Mpaka leo sijui kama ulikuwa mteremko, mkono wangu, au Emile.

Nikarudi kwenye tripodi. Ni nzito, inachosha mgongo, lakini unaikaza na kukaa mbali nayo. Jumamosi iliyopita, kwenye arusi ya Faridah na Ibrahim, nilikaza skrubu zote, nikasogea kumnyooshea bibi arusi shela.

Krii...

Nikageuka. Hakuna aliyekuwa karibu na kamera. Kichwa cha tripodi kilikuwa kinazunguka taratibu, kikawapita maharusi, kikawapita wazee, kikasimama. Lensi ilikuwa inanitazama mimi, na mahali pote palinuka damu mbichi. Ngoma zikanyamaza.

"Kaka Pitchou," Faridah akanong'ona, "nani anaigeuza?"

Nikajibu kwa sauti, mbele ya wageni wote:

"Mama Célestine wa Wamaza. Niliacha wamuue."

Hapo ndipo kamera ilipopiga picha.