Kunguru wa Watu

Kila siku baada ya shule, Kipanya alipitia dukani kwa shangazi yake hata kabla ya kuvua sare. Lilikuwa duka la kuchapa barua, kudurufu vyeti na kutengeneza kadi za mialiko, na kazi ya Kipanya ilikuwa kufungua baruapepe za wateja na kuwachapia. Jina hilo alipewa na wenzake wa darasa la saba, kwa kuwa mkono wake haukubanduka kwenye kipanya cha kompyuta. Akimaliza kazi za wateja, shangazi alimwachia kompyuta ya pembeni mpaka saa kumi na mbili jioni.

Kwenye kompyuta hiyo, kwa miezi kumi na mmoja, alikuwa ametengeneza mchezo. Kampuni moja ya mbali ilikuwa na mchezo wa kunguru mwenye skafu nyekundu. Ilitoa sehemu mbili, kisha ikanyamaza kimya. Mashabiki waliisubiri sehemu ya tatu mpaka wakachoka, basi Kipanya akaitengeneza mwenyewe. Alichora msitu, akapanga mitego, akaandika kila mstari wa programu. Kunguru alimnakili vilevile alivyo, pamoja na muziki wake. Kisha, kama ilivyokuwa desturi kwa kila kazi iliyotoka pale, akaweka muhuri wa duka na anwani yake kwenye ukurasa wa kwanza, akaurusha mchezo mtandaoni bure. Watu elfu tisa wakaupakua.

Jumatatu moja, katikati ya baruapepe za wateja, ikaja ya wakili wa kampuni ile. Kunguru yule ni mali yao, iliandikwa. Mchezo uondolewe ndani ya siku saba, la sivyo duka litashtakiwa. Kipanya aliisoma mara tatu. Akaifuta.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kila jioni aliweka kidole tayari kuuondoa mchezo, kila jioni akakirudisha. Miezi kumi na mmoja iende hivihivi? Akajidanganya kwamba kampuni kubwa kiasi kile haiwezi kukumbuka kijiduka kidogo kiasi hiki. Lakini alijua duka hilo ndilo lililomlea, na kila alipomwona shangazi akifuta vumbi kwenye mashine, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Siku ya saba simu ya duka ililia. Shangazi alikuwa akikata kadi. Aliibana simu begani.

"Mchezo gani?" akauliza. "Bwana wakili, mimi nachapa kadi na barua. Mchezo huo una muhuri wangu? Basi kuna mtu kaniibia muhuri. Nakuapia, miaka kumi na sita hapa hakijatoka kitu cha wizi."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri walitazamana. Shangazi hakuwa mtu wa kuapa ovyo, Kipanya alilijua hilo.

"Shangazi, usiape," akasema. "Ni mimi."

Shangazi aliweka kadi chini, akamgeukia. Aliporudi kwenye simu, alisema polepole, "Niwie radhi, bwana wakili. Nimekudanganya bila kujua. Kazi imetoka hapa, ameifanya mtoto wangu."

Kipanya akaangua kilio. Heri angepigwa kofi.

"Sikuuza hata mmoja, shangazi. Niligawa bure tu. Nampenda yule kunguru kuliko hata wenyewe wanavyompenda."

"Ukichinja mbuzi wa jirani ukagawa nyama bure, mbuzi amekuwa wako?"

"Hapana."

"Na wakili anasema alituma barua."

"Niliifuta."

"Hapo ndipo uliponiumiza, mwanangu."

Shangazi akabonyeza spika. Wakili akasema wauondoe mchezo leo na waandike barua ya kukiri, nayo kampuni haitadai zaidi. Akauliza nani aliyechora msitu.

"Mimi," Kipanya akajibu.

"Basi msitu na mitego ni vyako, binti. Kunguru na muziki ndivyo si vyako."

Kipanya akauondoa mchezo huku machozi yakimtoka. Akaandika barua kwa jina lake mwenyewe, shangazi akaisoma, ikatumwa. Kisha akafungua faili lake na kumfuta kunguru. Ukabaki msitu mtupu.

"Sijui kubuni mhusika, shangazi," akasema. "Najua kuiga tu."

Shangazi akavuta kiti akaketi karibu naye. "Sote tunaanza kwa kuiga. Lakini jasho la mtu ni lake, hata kama hukuwepo likimtoka. Omba ruhusa, au utengeneze chako, hata kiwe kibaya mara kumi za kwanza. Na siku ukikosea, niambie siku hiyohiyo. Mimi nitaapa kwa ajili yako kila mara, kwa kuwa nakuamini. Usiniache niape uongo."