Kuhesabu Mpaka Jiwe Lisimame

Siku ile bandani walikuwepo Damiano fundi wa chuma, mkono wake wa kushoto umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko; mke wake Lea; Bibi Mwanakheri mganga; Mzee Hezekia mwenyekiti wa kijiji; Telele, mfugaji wa Kimaasai; na Namunyak mke wa Telele, mwenye mimba ya miezi minane, aliyempakata Stefano, mtoto wa Lea, ili mama yake afanye kazi. Aliyekuwa ndani ya mashua hakuna aliyemhesabu.

Mambo yalianza wiki mbili nyuma, na yalianza na kitu kidogo.

Kijiji chao cha ujamaa kilikuwa ng'ambo ya mto Mkondoa, na hospitali ilikuwa Kilosa mjini. Kila masika mto ulijaa ukakata njia. Mwaka uliotangulia, 1974, Hildegarda, dada yake Lea, alishikwa na uchungu wakati maji yamefunika kivuko. Alifia ukingoni na mtoto tumboni, huku mabati ya Kilosa yanaonekana kule ng'ambo. Ndiyo sababu kikao cha kijiji kiliamua kuifufua mashua ya chuma iliyolala kifudifudi kando ya mto tangu enzi za wakoloni. Baadhi ya wazee walinung'unika kwamba hata mbuzi hawapumziki kivulini mwake. Lakini Namunyak angejifungua katikati ya masika, na hilo kila mtu alilijua. Wakaikokota mashua mpaka kwenye banda la zamani la mkonge, wakaazima jenereta na grenda, mashine ya mkononi ya kusugulia chuma.

Damiano alijifunzia grenda Mikumi, barabara kuu ilipokuwa inajengwa. Lea alimshikia waya, akamfutia miwani, akayasikia masharti yake mpaka akayakariri. Sharti alilolirudia kuliko yote lilikuwa kwamba grenda haiwekwi chini kabla jiwe halijasimama. Jiwe ni kile kisahani chembamba kinachozunguka na kula kutu. Damiano alizima swichi, akahesabu kwa sauti, na kila siku jiwe lilisimama kwenye tisa au kumi.

Alhamisi moja, saa saba mchana, alizima akahesabu mpaka kumi, na jiwe likaendelea kuzunguka. Akafika ishirini. Akafika arobaini. Mzee Hezekia alikuwa ameshazima jenereta kuokoa dizeli, na kimya kilikuwa kimetanda bandani. Kwenye sitini jiwe lilisimama ghafla, kama limeshikwa. Ikabaki harufu ya tope la mtoni na ya nywele zilizoungua.

Kesho yake waliporudi kutoka kula, kinga ya grenda ilikuwa imefunguliwa. Hicho ni kile kibati cha nusu duara kinachomkinga fundi na jiwe. Waliikuta ndani ya mashua, imelala katikati kabisa. Damiano akaifunga. Siku ya pili ikafunguliwa tena, na safari hii walisikia kitu kinakwaruza upande wa ndani wa chuma, polepole, kama kucha.

Bibi Mwanakheri alikuja na ubani wake. Alizunguka mashua mara moja tu, akasema ni jini wa maji, amezoea damu ya waliozama na hataki kuhama. Kwa huruma yake akamfunga Damiano hirizi kwenye kifundo cha mkono, kwa kamba nyeusi yenye mikia mirefu, kama alivyofundishwa na mama yake, ili jini aione kwa mbali. Damiano alijua kwamba hakitakiwi kitu kuning'inia karibu na grenda. Ila angemwambiaje mwanamke mwenye umri wa bibi yake, aliyetembea juani kwa ajili yake? Akashukuru, akaendelea na kazi.

Jiwe lilidaka mkia wa kamba likavuta mkono. Kinga iliokoa vidole, lakini kifundo kilichanika mpaka mfupa ukaonekana. Damu ilirukia ubavu wa mashua, na Lea aliona kwa macho yake chuma kinainywa, isibaki hata alama. Telele alimbeba Damiano mgongoni akavuka naye mto mpaka hospitali. Shuka lake liliharibika kwa damu, na hakulitaja hata siku moja.

Kikao kilitaka mashua irudishwe ilikotoka. Lea hakuwa na mazoea ya kusema mbele ya wazee, lakini siku hiyo alisimama. Alisema damu ya mume wake imeshaingia mle, na dada yake amelala kaburini kwa kukosa mashua hiyo hiyo, kwa hiyo yeye haoni kwa nini huyo aliyemo ndiye ashinde. Mbavu nne tu zilikuwa zimebaki kusuguliwa. Angezimaliza yeye.

Ndiyo wakawa bandani siku ile, jua likiwa utosini. Lea alivaa shati la mume wake, akalichomeka, akaifunga mikono ya shati kwa kitambaa kilichobana, akasuka nywele zote nyuma. Kanga aliivua akamkabidhi Namunyak, aliyekaa mbali, upande upepo unakotoka.

Mzee Hezekia alimtazama. "Naona leo umekuwa mwanaume."

"Nimekuwa fundi, ndugu mwenyekiti."

Bibi Mwanakheri alisogea na hirizi nyingine mkononi, macho yamevimba kwa kulia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ukiikataa nitaelewa. Ile ya kwanza niliifunga mimi."

"Siikatai, bibi. Ila nifungie mahali ambapo mashine haifiki."

Bibi aliomba mkasi. Akakata mikia yote, akaishona hirizi, bapa kabisa, nyuma ya ukosi wa shati.

Lea aliangalia jiwe kwanza. Alilifungua, akalitundika kidoleni akaligonga kwa kijiti. Jiwe zima hulia kama kengele ndogo. Hili lilitoa mlio uliokufa. Alilielekeza juani akaona ufa mwembamba kama unywele, na Damiano akaapa kwamba jana ufa huo haukuwepo. Akalitupa, akafunga jingine lililolia vizuri, akakaza kinga, akavaa miwani, akashika kwa mikono miwili.

Ubavu wa kwanza ulikwenda vizuri, na wa pili. Kwenye wa tatu harufu ya tope ilipanda ikamjaa puani, na ndani ya kelele za grenda, siyo nje yake, akasikia sauti ya Hildegarda ikimwita kwa upole, ikisema mdogo wangu kona hii ni nyembamba, kinga inakuzuia, ifungue kidogo tu umalize upesi, mimi nimechoka kukaa kwenye maji.

Lakini alikumbuka utoto wao jikoni, jinsi dada yake alivyokuwa haachi kunyoosha mkono na kuukunja upindo wa kanga ya Lea kila mdogo wake alipochuchumaa karibu na moto, bila kusema neno, hata akiwa amekasirika.

"Dada yangu hakuniacha niungue," alisema. "Wewe si yeye."

Akamaliza ubavu wa tatu, akamaliza wa nne, akazima swichi, na Mzee Hezekia akazima jenereta na kuchomoa waya. Jiwe halikusimama. Lea alihesabu kumi, akahesabu hamsini, akahesabu mia, na grenda ikawa inajipinda mikononi mwake kama kambare aliyeloa huku maji meusi yakichuruzika kwenye mishono ya mashua ambayo haikugusa mto tangu enzi za wakoloni, na ile sauti sasa haikuwa ya dada yake wala ya mtu yeyote, ikimwambia weka chini, weka chini, mikono yako imekufa, na kweli ilikuwa imekufa, haisikii chochote mpaka mabegani, lakini aliendelea kuhesabu. Nyuma yake akasikia Damiano anahesabu naye, kisha Bibi Mwanakheri, kisha Mzee Hezekia kwa sauti yake ya mikutano. Telele alikuja nyuma yake akamshika kiuno asianguke, akihesabu kwa Kimaasai.

Mia tatu na kumi na moja. Jiwe likasimama.

Lea akaiweka grenda chini. "Tumekuhesabia wote," alisema kwa sauti ndogo. "Sasa toka."

Mashua ililia mara moja, kama mlango mzito unaofunguliwa. Harufu ikakatika. Kwenye ubavu wa chuma likajitokeza doa la damu, bichi, pale pale Damiano alipoumia, na Damiano akalifuta mwenyewe kwa mkono wake mzima. Bibi Mwanakheri aliketi chini akaomba maji ya kunywa.

Katikati ya masika, mto ukiwa umejaa, Namunyak alivuka Mkondoa kwa mashua ile akajifungua mtoto wa kike Kilosa.