Shemeji Atabaki Chini

Saa 4:10 asubuhi. Stoo nyuma ya duka la matairi. Meza moja, viti vitatu, watu wanne.

Aliyesimama ni Fundi.

Miaka sita kiti cha mkono wa kulia wa dada yake kilikuwa chake. Dada ndiye kichwa cha genge, yeye mkono. Sasa kiti kimekaliwa na Rubani, miguu kainyoosha kama yuko kwao. Miezi mitatu tu tangu Dada amlete nyumbani na kusema, huyu ndiye shemeji yako.

"Sanduku la vito linafika kiwanja cha ndege saa tisa," Dada alisema. "Ndege ya kampuni inalifuata saa tisa na nusu. Katikati hapo ni petu. Mpenzi, waeleze."

Mpenzi. Mbele ya watu.

"Kiwanja hakina mnara wa kuongozea ndege," Rubani alisema. "Ndege ndogo ya binafsi, mchana kweupe, rubani anaona nje kwa macho yake, havuki mpaka, haingii anga la viwanja vikubwa: hadaiwi mpango wa safari na mtu yeyote. Tunaruka kama watu wanaokwenda kumsalimia mama."

Bonge, mbabe wa genge, alicheka. Dada alicheka zaidi. Sheria zile Fundi ndiye aliyezijua kwanza. Kitabu alikisoma hadi jalada likang'oka, mwaka ule alipotaka urubani na daktari akamkataa kwa ajili ya jicho la kushoto. Hata hivyo ndege ile nyeupe, anayoitunza karakanani, alishairusha mara nne, kwa siri, mwenye ndege akiwa safarini.

"Na uzito?" aliuliza. "Tangi limejaa, sanduku, watu wanne, jua hili. Haitanyanyuka."

"Kweli kabisa," Rubani alisema. "Ndiyo maana shemeji atabaki chini."

"Punguza mafuta."

"Sheria inataka akiba ya nusu saa."

"Tunakwenda kuiba, wewe unaniletea sheria?"

"Hiyo si ya polisi, shemeji. Ni ya kutokufa."

Fundi alimtazama dada yake. Dada hakupepesa macho.

"Utaondoka na gari," alisema. "Tutaonana kesho."

Basi. Kikao kimekwisha.

Saa 6:35 mchana. Fundi alikuwa kazini kwake, karakana ya kiwanjani. Alijibanza nyuma ya mapipa, akampigia simu mkaguzi wa usafiri wa anga. Rubani wa ndege nyeupe, alinong'ona, cheti chake cha afya kimekwisha muda. Njoo kabla ya saa tisa. Hasira ikamtoa na maneno mengine mengi.

Hakutaka polisi. Alitaka yule bwana apelekwe ofisini akajieleze, kiti cha mbele kibaki wazi, na dada yake aone ni nani wa kumrusha.

Saa 8:50. Mkaguzi alifika na pikipiki, faili kwapani. Rubani alikuwa chini ya bawa, Dada kando yake. Fundi alijitia kukaza nati ya gurudumu.

"Leseni. Cheti cha afya."

Rubani alitoa. Mkaguzi alisoma, akageuza, akasoma tena.

"Kimetolewa wiki iliyopita."

"Nilimpeleka mwenyewe," Dada alisema.

Spana ilimponyoka Fundi.

Mkaguzi alicheka. "Basi nimesumbuliwa bure. Aliyepiga simu ana donge, jamani! Simu nzima ni 'shemeji anaringa, shemeji hana cheti.' Ya nyumbani yamalizeni nyumbani."

Rubani aligeuka polepole kumtazama Fundi. Dada alikuwa ameshageuka.

Saa 9:06. Bonge alitoka ghala la mizigo, sanduku begani, bastola mkononi. Ndani alimwacha mlinzi wa ghala, kafungwa kamba. Mkaguzi alikuwa bado anajaza fomu. Kalamu ilianguka, naye akalala kifudifudi bila kuambiwa.

"Mfunge," Dada alisema. "Na huyu."

"Huyu?" Bonge alisita. "Ndugu yako?"

"Kamba unayo."

"Dada," Fundi alisema, "nilitaka nikurushe mimi. Hilo tu."

"Ungeniambia."

"Ungenisikia?"

Dada alimtoa ufunguo wa gari mfukoni, akautupa majanini.

Injini iliwaka mara moja. Ndege ilikimbia, ikayumba, ikanyanyuka mwishoni kabisa mwa njia. Ilipogeuka juu yao, ikiwa chini bado, Fundi aliona dirishani: Dada kalaza kichwa begani kwa Rubani. Amefumba macho. Akiwa na Fundi, katika hatari zote walizopita, hakuwahi kufumba macho.

Saa 9:40. Polisi, walioitwa na watu wa ndege ya kampuni, walifungua kamba. Mlinzi alikuwa hai, analia. Mkaguzi alimnyooshea Fundi kidole.

"Wameelekea wapi?" ofisa aliuliza.

Angeweza kunyamaza. Damu moja, tumbo moja. Alijaribu kunyamaza, na kile kichwa cha Dada kikabaki machoni pake, kimelala pale begani.

"Kaskazini," alisema. "Chini chini, wakifuata mto. Andika, afande. Nitakwambia na shamba watakalotua."