Mita ya Kasimiri

"Mwanahawa ni nani?"

Kasimiri hakuinua kichwa. Alikuwa ameinamia bodi ndogo juu ya meza yake ya ufundi, moshi wa risasi ya kuchomelea ukimpanda puani, akajibu kwamba huyo ni mteja tu, mteja wa Mikese.

"Mteja." Paskalia alikuwa ameishika simu ya mchumba wake kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya. "Basi ngoja nikusomee mteja wako anavyoandika."

Akasoma taratibu, kila neno akilipa haki yake:

"Piga tena picha, ya chini haionekani. Ya juu nyekundu, ya kati kahawia."

"Hiyo ya leo nzuri. Ya jana ulipiga gizani."

"Usiogope. Paskalia hawezi kujua kama wewe hujamwambia."

Hapo ndipo Kasimiri alipoinua kichwa.

"Picha zenyewe ziko wapi?" Paskalia akauliza.

"Nilizifuta."

"Kwa nini ulizifuta?"

Mwanamume yeyote mwenye jibu angelitoa pale pale. Na Kasimiri jibu alikuwa nalo, tena la kweli, ambalo lingemaliza kesi kabla chuma chake cha kuchomelea hakijapoa. Akalimeza. Kiburi cha fundi hakina dawa, jamani.

"Ni mambo ya kazi, Paskalia. Siwezi kukueleza."

"Sawa. Jumamosi wazee wakikaa pale kwetu, usijisumbue kueleza. Nitasimama mwenyewe niwaambie hakuna ndoa."

Akaiweka simu mezani, akatoka. Paskalia si mwanamke wa kulia barabarani. Alilia alipofika nyumbani na kufunga mlango, na alilia vizuri, maana alikuwa anampenda Kasimiri kweli.

Wote wawili wanaishi Bigwa, pale mji wa Morogoro unapoishia na mlima unapoanza. Paskalia ni mshonaji, na nguo za harusi yake mwenyewe alitaka azishone kwa mkono wake. Wiki iliyopita alimtuma Kasimiri mjini kununua kitambaa cha wasimamizi, rangi ya damu ya mzee. Kasimiri akarudi na kijani iliyokolea. Alipoulizwa akacheka, akasema muuzaji kachanganya mafurushi. Siku ile Paskalia alicheka naye. Sasa alikaa kitandani akaona kila kitu wazi: kile kitambaa kilichaguliwa kwa ajili ya huyo Mwanahawa, yeye kaletewa kwa bahati mbaya. Ukishamshuku mtu, hata kikohozi chake kina maana.

Namba ya Mwanahawa alikuwa ameishika kichwani. Asubuhi akapiga.

"Naongea na Mwanahawa?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Mwenye Kasimiri."

Paskalia alikuwa amejiandaa na matusi ya kutosha kujaza lori la kabichi, lakini upande wa pili mtu akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo.

"Afadhali umepiga, dada. Nimechoka."

"Umechoka nini, kuiba?"

"Mimi nina mume, na hizo picha mume wangu anaziona zote. Nikiwa jikoni anazijibu yeye."

Mwanahawa akaendelea bila haraka. Ana duka la vipuri pale Mikese, alisoma ufundi chuo kimoja na Kasimiri, na siri aliyonayo si yake. Alimwahidi tangu wakiwa chuoni kwamba hataitoa, na hataitoa.

"Kwa hiyo mimi nifanyeje?" Paskalia akauliza, na sauti yake sasa ilikuwa imepungua makali.

"Wewe si mshonaji? Chukua nyuzi zako umpelekee. Mwambie akupe nyekundu."

Simu ikakatwa. Baada ya kitambo kidogo Kasimiri naye, kule kwenye banda lake, akapata ujumbe:

"Kuanzia leo sikusomei tena. Mtu wa kukusomea unaye, tena jirani. Ukimpoteza kwa kiburi usije kunililia."

Paskalia alimkuta ameketi mbele ya ile bodi, mikono magotini. Kioo kidogo cha bodi kilikuwa cheusi, hakiwaki. Hakumsalimia. Alipanga juu ya meza nyuzi zake za cherehani, mabunda ya kila rangi, akarudi nyuma hatua moja.

"Nipe nyekundu."

Kasimiri aliziangalia zile nyuzi, kisha akamwangalia yeye. Akajaribu kucheka, akauliza tangu lini fundi redio akafundishwa ushonaji. Paskalia akamsogezea zile nyuzi. Basi Kasimiri akanyoosha mkono, na mkono ukasita njiani, ukaenda huku, ukarudi, ukachukua bunda moja.

"Hii."

"Hiyo kahawia."

Akaweka, akachukua jingine.

"Hiyo kijani, Kasimiri."

Alilishika lile bunda akawa analizungusha tu mkononi. Paskalia alimwona jasho likimtoka pembeni ya nywele, na hasira yote aliyokuja nayo ikaanza kumkimbia, akajitahidi kuishika.

"Sijui," Kasimiri akasema. "Sijui ipi nyekundu. Sijawahi kujua. Wewe unaona nyuzi za rangi nyingi hapa, mimi naona chache, na hizo chache zinafanana."

Ndipo akamweleza. Rezista, vile vidude vidogo kama punje za mpunga vinavyokaa ndani ya kila redio kuzuia umeme, thamani yake huandikwa kwa mistari ya rangi. Fundi mwingine hutupa jicho moja tu akasoma. Yeye hawezi. Mita za bei rahisi alizonunua zilimdanganya mpaka akaaibika mbele ya wateja, hivyo akawa anazipiga rezista picha na kumtumia Mwanahawa amtajie mistari. Hatimaye akaagiza mita nzuri, inayokuja vipande vipande ukajiundia mwenyewe. Ukibana kipande chochote kwenye meno yake, kioo kinakuandikia ni kitu gani na thamani yake ngapi. Akiwa na hiyo hatahitaji tena macho ya mtu.

"Sasa mbona haiwaki?"

"Kwa sababu nayo ina rezista ndani yake. Lazima nizisome rangi kwanza ndipo niipate. Jana Mwanahawa alinisomea nusu, leo amegoma. Zilizobaki nimekisia."

Paskalia alivuta kigoda akakaa. Aliona aibu, aliona huruma, lakini zaidi ya vyote aliumia, na alimwambia hivyo hivyo.

"Umeniumiza. Si kwa macho yako. Ulikubali nikuone malaya, nikavunje ndoa mbele ya wazee, kuliko kuniambia neno dogo kama hili?"

"Malaya husamehewa, Paskalia. Fundi asiyeona rangi nani atampa redio yake?"

"Mimi si redio."

Safari hii Kasimiri hakuficha lolote. Aliomba msamaha. Aliomba kama mtu mzima, bila kupiga magoti wala kushika miguu ya mtu, akisema alichokosa na jinsi alivyoogopa. Paskalia akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta ile bodi karibu na mwanga wa mlangoni.

"Hii rezista ya hapa pembeni inatakiwa iwe na rangi gani?"

"Karatasi yake inasema kahawia, nyeusi, machungwa."

"Mbona hii ni nyekundu, nyekundu, kahawia? Na ya machungwa ndiyo hii umeiweka kule chini."

"Nimezibadilisha."

"Umezibadilisha. Zing'oe."

Akazing'oa. Mmoja akitaja rangi, mwingine akichomelea, wakaenda hivyo hadi kipande cha mwisho. Paskalia alikuwa na jicho kali la mtu aliyezoea kutafuta uzi uliokatika, na alimgombeza kila mguu wa rezista ulipopinda. Kasimiri akaunganisha betri, akabonyeza kitufe. Kioo kikawaka buluu. Akabana rezista moja kwenye meno, na tarakimu zikatokea, safi, nyeusi, ambazo hata yeye alizisoma bila kuomba msaada. Akawa anazitazama, na Paskalia akamtazama yeye.

"Jumamosi nitakaa kimya," akamwambia. "Siri yako sitaitoa mimi."

Kasimiri akaitikia kwa kichwa tu.

Jumamosi wazee wakakaa. Kwa Waluguru mwenye neno kubwa ni mjomba, kwa hiyo upande wa Paskalia alizungumza mjomba Ezekiel, na upande wa Kasimiri mjomba wake Yakobo, kaka wa mama yake, aliyeteremka kutoka Mgeta na lori la mboga akiwa bado na udongo wa shamba viatuni. Mambo yakaenda vizuri, mahari ikakubaliwa, mpaka Ezekiel akauliza swali la mwisho: kuna lolote kati ya vijana hawa ambalo wazee hawalijui, liletwe sasa, lisije kuwaumbua baadaye?

Paskalia alitazama chini. Kasimiri akasimama.

"Shikamooni, wazee. Lipo. Mimi macho yangu hayatofautishi nyekundu na kijani. Nyumbani Mgeta nilikuwa nikitumwa nyanya nachuma mbivu na mbichi pamoja, nikachapwa sana, watu wakaniona mzembe. Nikakimbilia ufundi wa redio nikidhani huko hakuna rangi, kumbe ndiko zilikojaa. Nilimficha binti yenu mpaka akadhani nina mwanamke mwingine. Yeye sasa anajua. Nimeona na ninyi mjue kabla hamjanijibu."

Kina mama wakaguna. Ezekiel akamgeukia mpwa wake, akamuuliza anasemaje.

"Nilikuwa nimepanga kuja kuivunja ndoa hii leo hii hii," Paskalia akasema, na sauti yake ilikuwa imetulia kabisa. "Sasa ndiyo namtaka zaidi. Anayeweza kusimama akasema hayo mbele yenu, hana cha kunificha tena. Andaeni harusi, mjomba."

Vigelegele vikapasuka. Katika kelele zile Kasimiri akakaa, akahisi mkono mgumu ukimshika bega. Alikuwa mjomba Yakobo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshtuliwa usingizini.

"Mimi huwa nazibonyeza," mzee akamnong'oneza.

"Unabonyeza nini, mjomba?"

"Nyanya. Nikisikia laini, nachuma." Machozi yalikuwa yamemlenga. "Mwanangu, mimi miaka yote hii nilidhani kila mtu anabonyeza."